Dakika 25 za chukudu: mwongozo wa kutengeneza simulizi ndefu ya sauti ukiwa Goma

Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, inaposhuka kutoka Kibumba na mzigo wa mashu, kama tunavyoita kabichi hapa kwetu, kinachokufikia kwanza ni breki. Ni kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji amekikanyaga kwa kisigino: kinakwaruza, kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Nyuma yake unasikia mbao zikigongana, halafu mtu mwenyewe akipiga mluzi ili watu wampishe. Nimekulia Goma, mashariki mwa Kongo, na sauti hiyo nilikuwa naipita kila siku bila kuijali, mpaka asubuhi niliyosimama kando ya barabara ya Rutshuru nimevaa hedifoni, nikaisikiliza kwa dakika kumi bila kuongea na mtu.

Goma inasikika duniani kwa taarifa za sekunde arobaini: risasi, volkano, idadi ya waliokimbia. Taarifa hizo ni za lazima. Redio zetu zimezibeba kwa miaka mingi katika hali ngumu, na Radio Okapi yenyewe ilianza Februari 2002, wiki chache tu baada ya volkano ya Nyiragongo kuuchoma mji. Lakini mtu akisikika kwa sekunde kumi anakuwa mfano wa shida yake, basi. Mwongozo huu ni wa kazi nyingine: simulizi ya dakika 25 hivi, yenye mtu mmoja aliyebeba suala kubwa, inayoweza kumshika msikilizaji wa Mombasa au wa Lubumbashi kama inavyomshika wa mtaa wa Majengo hapa Goma. Nitatumia mfano wa mwendesha chukudu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndiyo kazi iliyonifundisha. Na kama utasahau mengine yote, kumbuka hili: mrudie mtu wako. Nenda kwake mara tatu, mara nne. Simulizi ninazojutia ni zile nilizofanya kwa ziara moja.

Tafuta mtu, usianze na mada

Wengi huanza na mada: "Nataka kufanya kitu juu ya barabara", "juu ya makala", yaani mkaa, "na mbuga". Halafu wanatafuta mtu wa kuijaza. Mtu huyo anajua mara moja kwamba ameitwa kutoa ushahidi wa kitu ulichokwisha kukiamua, na anakupa unachotaka. Geuza njia. Tafuta mtu ambaye leo yake ina swali ambalo bado halijajibiwa. Mwendesha chukudu wangu alikuwa na moja: chukudu yake ilikuwa imechoka, na alikuwa hajui kama atengeneze nyingine au aweke akiba anunue pikipiki. Swali dogo la familia. Lakini ndani yake mna bei ya mbao za mikaratusi, hali ya barabara inayofungwa na kufunguliwa na vita, vijana wanaoikimbia kazi ya baba zao, na makala yanayotoka upande wa mbuga ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo mamilioni ya watu wanaoishi kuizunguka bado wanahitaji kuni za kupikia.

Jipime hivi kabla hujaenda mbali. Je, mtu huyu anataka kitu? Je, kuna jambo litakalotokea kwake katika wiki zijazo ambalo unaweza kuwepo likitokea? Je, kazi yake ina sauti? Hili la tatu watu hulisahau. Mhasibu anaweza kuwa na maisha mazito kuliko ya mvuvi, lakini mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anatoka jioni, taa zinawashwa juu ya maji, na wapiga makasia wanaimba kwa mpigo mmoja. Ukichagua mhasibu, itabidi utafute ni wapi maisha yake yanasikika: jikoni kwake, kwenye kwaya, kwenye ngazi za jengo umeme ukikatika.

Halafu andika sentensi moja tu, kwa Kiswahili cha kumwambia mama yako: "Ni baba anayeamua kama atatengeneza chukudu ya mwisho." Ukishindwa kuiandika, bado huna simulizi. Una eneo tu.

Vifaa: simu yako inatosha, masharti yake ni haya

Rikoda ndogo ya mkononi ni bora, na kama kuna jirani au redio ya mtaani inayoweza kukuazima, chukua. Lakini simu ya kawaida hufanya kazi ukiheshimu mambo machache. Weka programu ya kurekodi inayokuruhusu kuchagua WAV (faili la sauti isiyobanwa), hertzi 44,100 au 48,000, biti 16 au zaidi, mono (chaneli moja). Usirekodi mahojiano kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: sauti inabanwa mno, na kilichopotea hakirudi. Saa moja ya WAV mono ya 44,100 kwa biti 16 inakula megabaiti kama 318, kwa hiyo saa sita za kazi ni karibu gigabaiti 2. Futa video za zamani kabla ya kutoka nyumbani.

Weka simu katika modi ya ndege. Nilipoteza sehemu bora ya mahojiano yangu ya kwanza kwa sababu shangazi alipiga simu katikati: rikoda ilijizima bila kuniambia, nami sikuwa na hedifoni masikioni za kunijulisha. Mzee alikuwa anasimulia usiku wa Januari 2002, lava ilipokata mji. Nilipomrudia siku ya pili akasimulia tena, kwa adabu, lakini alikuwa tayari ameshayamaliza. Kilio kilichokuwa kwenye sauti yake jana yake hakikuwepo, na sikuwa na haki ya kukidai.

Hedifoni basi ni za lazima, hata za bei ya chini kabisa za sokoni. Sikio la uchi linachuja: linamsikia mtu na kusahau jenereta ya jirani. Maikrofoni haichuji. Mikro ndogo ya kubana kwenye shati ni nunuo la kwanza zuri. Usipokuwa nayo, shika simu yenyewe, sehemu ya chini yenye mikro ikielekea kinywa, umbali wa shibiri moja, ikikaa kidogo pembeni ili pumzi za "p" na "b" zisiipige. Upepo wa ziwani huzuiwa kwa soksi nene ya sufu iliyovishwa juu ya mikro. Soksi safi. Angalia kipimo cha sauti kwenye skrini: mtu akiongea kawaida kicheze karibu na desibeli -12, na kisiguse sifuri hata akicheka, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki. Chaji betri ya akiba usiku umeme ukiwepo.

Ruhusa huombwa zaidi ya mara moja

Katika mitaa yetu huingii na mikro kwa watu bila kupita kwa mkubwa wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, na kwa wazee wa nyumba. Si urasimu tu. Ni wao watakaowajibu majirani watakapouliza yule kijana alikuwa anarekodi nini. Salimia kwanza, kaa, pokea chai. Mwite papa, mama, mzee, yaya (dada au kaka mkubwa), kama unavyowaita bila mikro. Kisha eleza kwa maneno ya wazi: sauti hii itasikika wapi, nani anaweza kuisikia, itabaki kwenye intaneti kwa muda gani, na kwamba ikishasambaa kwenye simu za watu hakuna wa kuirudisha. Wengi hudhani ni redio, inasema mara moja na kupita. Waambie kwamba podikasti haipiti.

Uliza ruhusa mwanzoni, rekodi jibu. Uliza tena mwishoni, baada ya mtu kujua alichokisema. Na uliza mara ya tatu kabla ya kuichapisha, kwa sababu hapa hali hubadilika. Maneno yaliyokuwa salama Desemba 2024 hayakuwa salama mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipokwisha kuingia mjini. Mtu akisema "toa ile sehemu", itoe bila kumwomba sababu.

Pale ambapo jina linaweza kumdhuru mtu, usiridhike na kubadilisha sauti kwa programu. Sauti iliyokunjwa hivyo inaweza kukunjuliwa na mtu mwenye ujuzi, na hata isipokunjuliwa, majirani wanamtambua kwa namna anavyosema na kwa yale anayoyajua. Mwombe mtu mwingine ayasome maneno yake, na umwambie msikilizaji wazi kuwa umefanya hivyo. Ondoa pia jina la avenyu, kazi ya mume, kanisa analosali, hata kengele ya shule inayosikika nyuma. Faili ziite kwa namba, usiziite kwa majina, na zima utambuzi wa mahali kwenye simu kabla ya kurekodi. Usirekodi kwenye vizuizi vya barabarani wala karibu na wanajeshi. Hakuna sauti ya vizuizi inayostahili hatari iliyo upande wa pili.

Kuhusu pesa, watu wa kazi hii wana misimamo tofauti, na wangu ni huu: silipi maneno, maana anayelipwa kwa maneno huyaongeza. Lakini nikimchukulia mtu saa nne za kazi ya siku, nalipa nauli yake, nanunua chakula, na nafidia alichopoteza siku ile, na namwambia kabla hatujaanza ili kisionekane kuwa bei ya machozi.

Kukaa na mtu na mikro katikati

Ziara ya kwanza usirekodi, au rekodi mazingira tu. Ya pili ndiyo mahojiano marefu. Ya tatu unamfuata kazini. Ya nne unarudi na maswali yaliyozaliwa na kile ulichokisikiliza nyumbani.

Chagua mahali pa mahojiano kwa masikio. Chumba chenye kitanda, nguo zilizotundikwa na mapazia kina sauti nzuri kuliko sebule ya sakafu ya saruji. Bati ni adui mvua ikinyesha, na Goma mvua hainong'onezi. Ikianza, simama, kunyweni chai. Zima friji kama ipo, na weka funguo za nyumba juu yake ili usisahau kuiwasha tena. Ninyi wawili mkae karibu, magoti yakielekeana, kuliko ilivyo desturi kati ya mgeni na mwenyeji. Ukiwa mwanamume na unahoji mwanamke, kaeni pembeni kwa pembeni na nduguye awepo kama anapenda. Mtu asiyejisikia salama husikika.

Anza na kitu rahisi: ameamka saa ngapi, amekula nini. Hapo unapima sauti, naye anazoea. Kisha acha kabisa maswali ya "unajisikiaje" na "una maoni gani". Yanazaa hotuba. Uliza yanayozaa picha:

"Papa, nipeleke siku ile. Ulikuwa umesimama wapi?"

"Mikononi ulikuwa umeshika nini?"

"Ulisikia nini kwanza?"

Swali hili la mwisho limenipa zaidi kuliko mengine yote. Mtu akikumbuka sauti, anaiiga. Mwendesha chukudu wangu, nilipomuuliza aliijuaje breki imekatika, hakunieleza. Alifanya kwa kinywa: "Krrr, krrr, krrr... halafu kimya. Ukisikia kimya, ruka." Sentensi ile ndiyo ilikuja kufungua simulizi nzima.

Mwombe aingize swali lako ndani ya jibu, kwa sababu huenda sauti yako ikaondolewa. Ukiuliza ana watoto wangapi naye akajibu "saba", huna kitu. Ukimwomba aseme "Niko na watoto saba, wa kwanza...", una kitu.

Usiseme "eeh", "mmh", "pole" juu ya maneno yake. Najua ni vigumu. Kwetu, kunyamaza mtu akisimulia msiba ni kama kumkatia tamaa. Mweleze mapema kwamba utakuwa unaitikia kwa kichwa, na sababu yake ni mikro. Halafu, akimaliza jibu, usikimbilie swali lingine. Hesabu moja mpaka tano moyoni. Mara nyingi kilicho cha kweli kinakuja kwenye nne, kwa sauti ya chini, baada ya yeye mwenyewe kuona kuwa bado unasikiliza.

Msimulizi akianza kulia, shusha mikro mezani, usiizime, muulize kama anataka kusimama. Akisema endelea, endelea na swali la vitu vidogo: nani alikuwa jikoni, mlango ulikuwa umefungwa? Usimsukume mtu arudi ndani ya kilichomjeruhi ili upate dakika nzuri. Na kabla ya kuondoka mrudishe kwenye leo: kazi ya kesho, watoto, shamba. Usimwache kule.

Kabla hujainuka, waombe wote wanyamaze na urekodi chumba kitupu kwa dakika moja nzima. Kila chumba kina kimya chake, na kimya hicho ndicho utakachokuja kushonea viraka wakati wa kuhariri.

Kukusanya sauti za mahali

Hapa ndipo kazi ya redio ndefu inapopata mwili, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Kwa chukudu niliandika orodha usiku wa kuamkia ziara ya tatu, nikaifuata kama orodha ya soko: shoka kwenye mti, msumari ukiingia, tairi likikatwa kwa kisu, gurudumu tupu likizungushwa hewani, chukudu tupu ikipanda kwa kusukumwa, chukudu iliyojaa ikishuka, goti likikaa juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa pale anapopiga goti, mizigo ikifunguliwa sokoni Virunga, pesa zikihesabiwa.

Kila sauti irekodi mara tatu: kwa mbali, ili nisikie mahali, kwa karibu, mkono mmoja tu kutoka kwenye chanzo, na ikipita, inakuja na kutokomea. Shika kila moja kwa dakika mbili kamili bila kuongea. Ukishika sekunde kumi utajuta ukiwa mezani, kwa sababu mtu akisimulia kwa dakika nzima unahitaji sauti ya chini yake isiyokatika.

Goma ina sauti zake ambazo msikilizaji wa mbali hazijui, nawe umezizoea mno. Viatu juu ya makoro, yale mawe makali ya lava, havilii kama viatu juu ya udongo. Boti ya Bukavu ikipiga honi. Kituku, kando ya ziwa, alfajiri, samaki wanapopokewa. Pikipiki zikipanda Ndosho. Mwombe mtu aliyekuja mjini mwaka huu akuambie ni sauti gani zinamshangaza.

Lugha: usimsafishe mtu

Mwendesha chukudu alisema, "Ile siku tulikimbiaka usiku, ata viatu sikuvala." Rafiki mmoja mwenye sikio la Dar es Salaam alinishauri nimwombe arudie kwa Kiswahili sanifu. Nilikataa, na ningekataa tena. Kile "-ka" cha mwisho na ile "ata" ni Goma yenyewe, ni anuani ya mtu kuliko jina la mtaa. Msikilizaji wa Tanga ataelewa sentensi ya pili kama si ya kwanza. Ukiona neno litamzuia, lieleze kwa sauti yako kabla halijafika: sema "alifika kwa mkubwa wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao", halafu mwache mtu aseme kwa njia yake. Sauti yako ya msimulizi ndiyo iwe daraja: Kiswahili kinachoeleweka na wote, chenye lafudhi yako uliyozaliwa nayo.

Wengine wataongea Kinyarwanda, Kihunde, Kinande, Mashi. Usiwalazimishe Kiswahili ikiwa moyo wao haukai humo. Rekodi katika lugha yao, itafsiriwe na watu wawili tofauti kama unaweza, kisha tafuta msomaji wa rika na jinsia ileile. Mwachie mwenyewe aanze peke yake kwa sekunde tano au sita, sauti ishuke, tafsiri iingie, na maneno yake ya mwisho yainuke tena yasikike. Tafsiri isiigize kilio wala hasira. Sauti ya asili iliyo chini tayari inavibeba.

Kumbukumbu na tarehe

Watu hawadanganyi, ila kumbukumbu hushona vitambaa viwili kuwa kimoja. Mama mmoja aliniambia kwamba mwaka 2021 aliona lava ikiingia uwanja wa ndege. Ilikuwa 2002. Januari 17 ya mwaka ule lava ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kufika ziwani. Ile ya mlipuko wa Mei 22, 2021 ilisimama upande wa Buhene, kabla ya uwanja wa ndege. Kilichofuata, na ambacho yeye pia alikipitia, ni matetemeko ya siku kadhaa na amri ya Mei 27 ya kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, watu wakaelekea Sake, Minova, Rwanda na Bukavu. Hofu zake zote mbili zilikuwa za kweli. Zilikuwa zimebadilishana mahali.

Sikumsahihisha mbele ya wanawe. Nilirudi ziara ya nne nikamwomba anisimulie kila mlipuko peke yake, mmoja nikamshikisha kwenye umri wa mtoto wake wa kwanza, mwingine kwenye nyumba waliyokuwa wanapanga. Alijirekebisha mwenyewe. Kwa kila simulizi fanya hivyo: tenga kila tarehe, idadi, cheo na jina la mahali, na kila kimoja kithibitishe kwa chanzo kingine kisichotegemea cha kwanza. Kisichothibitika, ama kiseme kwa sauti ya mtu mwenyewe kama anavyokikumbuka, ama kitoe. Wakati wa vita idadi ya waliokufa husemwa na kila upande kwa faida yake. Usiibebe kwenye sauti yako bila kusema nani ameisema.

Kusikiliza, kukata karatasi, kuandika

Ukirudi nyumbani, jambo la kwanza ni nakala. Tatu: kompyuta, memori kadi, na moja ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Tumeshahama mji huu ghafla zaidi ya mara moja.

Kisha sikiliza kila kitu tangu mwanzo, hata pale unapodhani unakumbuka. Andika daftarini dakika na sekunde, na maneno machache. Weka nyota pale ambapo mwili wako ulifanya kitu: ulicheka, ulikunja uso, uliacha kuandika. Nyota hizo ndizo simulizi. Katika saa sita huwa napata kama dakika arobaini za nyota.

Andika kila nyota kwenye kipande cha karatasi, zitandaze chini sakafuni. Sasa tafuta mpangilio, na usikubali ule wa kuzaliwa-kukua-kuoa. Anza pale ambapo kitu kinatokea. Yangu ilianza na breki inayokatika. Baada ya hapo nikarudi nyuma kwa baba yake aliyemfundisha kuchonga, nikaja mbele kwa barabara iliyofungwa, halafu swali la pikipiki, halafu mti unakatwa. Kila baada ya dakika nne au tano kitu kibadilike: mahali, mtu, hali ya hewa. Suala kubwa, lile la mbuga na makala na barabara, liingize msikilizaji akishampenda mtu, na liingize kwa vipande vifupi. Dakika moja ya maelezo mfululizo ni nyingi.

Skripti yako iandike kwa kinywa. Sema sentensi, ndipo uiandike. Sentensi ikikulazimu kuvuta pumzi katikati, ikate. Usiseme kile ambacho mtu anakuja kukisema mwenyewe: "Papa anasema alikuwa na hofu", halafu papa, "Nilikuwa na hofu." Mpishe. Elekeza tu: "Kwenye mteremko wa tatu, breki ilinyamaza." Kisha yeye. Jirekodi ukiwa ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi, ukimsomea mtu mmoja unayemjua kwa jina.

Kuhariri

Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Tumia tabaka nne: mtu wako, sauti yako, sauti za mahali, muziki. Panga kwanza maneno peke yake mpaka yaende, ndipo uweke sauti za mahali. Ziingie kabla ya maneno, zishuke, na zitoke baada yake, zikipanda na kushuka polepole. Usikate pumzi zote za mtu. Mtu asiyepumua si mtu. Kata "eeh" za ziada lakini acha zile za kufikiri. Na usiunganishe nusu ya jibu hili na nusu ya lile kumfanya aseme asichokisema, hata kama maana unadhani ni ileile.

Muziki, mimi huutumia kidogo sana. Huzuni ya mama aliyezika haihitaji kinanda, na kinanda kikiingia msikilizaji anajua anaambiwa alie. Kama kuna kwaya mtaani, omba kibali chao kwa maandishi, kwa sababu nyimbo zina wenyewe.

Ukimaliza, sawazisha ukubwa wa sauti: LUFS -16 kwa stereo, -19 kwa mono. Kipimo hicho hupima sauti kama sikio linavyoisikia, na kinamwepusha msikilizaji asipandishe na kushusha simu kila mara. Halafu jaribu kwenye spika ya simu ya kawaida, ukiwa umesimama barabarani. Neno lisilosikika hapo halitasikika kokote.

Kuifikisha

Hifadhi WAV kamili kwa ajili ya redio, na MP3 mono ya kilobiti 64 kwa sekunde kwa watu: dakika 25 zinakuwa megabaiti 12 tu, zinaingia kwenye WhatsApp bila kumaliza mega za mtu. Zitume kama faili, kila moja ikiwa na jina linaloeleweka. Wapelekee redio za mtaani nakala kwenye flashi, pamoja na karatasi ya utangulizi ambayo mtangazaji ataisoma. Maduka ya kujazia nyimbo kwenye simu ni njia nzuri pia, na wengi wenye kazi hii huyasahau.

Lakini wa kwanza kusikia awe mtu wako. Nenda na spika ndogo jioni, kazi ikiisha, waalike aliowataka. Mwendesha chukudu alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Breki ilipolia aliinua mkono: "Rudisha pale." Nikarudisha. Akaita mwanawe aliyekuwa nje aje asikie, nikarudisha tena.

Wakati huo wewe usiangalie spika, angalia watu, na daftari iwe mkononi. Andika dakika ambayo mtoto wa kwanza anainuka kwenda kucheza, dakika ambayo wakubwa wanaanza kuongea juu ya sauti, na mahali ambapo mtu anauliza "nani huyo?" Mimi nilipata sehemu tatu, zote zikiwa ni zangu mimi nikieleza. Nilizifupisha usiku uleule, nikamsomea mabadiliko kwa simu asubuhi, akasema sawa, nikaituma.